Kisicho na Damu Hula Nini?

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, hapa Nakuru, mama alimaliza kula paja la kuku, akaufuta mfupa kwa kidole gumba, kisha akauinua kwenye mwanga wa dirisha kama muuzaji anayekagua noti ya shilingi elfu moja. Kwenye ncha ya mfupa ule palikuwa na utando mweupe unaokaribia rangi ya samawati, laini, wenye kung'aa, ambao wanangu huutafuna kwa kelele na ambao mimi huuacha sahanini.

"Hiki ndicho walichosema kimekwisha kwangu?"

Nilimwambia ndicho. Nikaongeza, kwa sauti ya kimwalimu ambayo kwa miaka ishirini na miwili nimeshindwa kuiacha langoni mwa shule, kwamba kitu hicho huitwa gegedu, kwamba kazi yake ni kuizuia mifupa isisagane, na kwamba hakina mshipa hata mmoja wa damu. Hilo la damu nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia, na sitaficha kwamba nililitaja kwa majivuno kidogo.

Mama aliuzungusha mfupa mara moja zaidi.

"Kama hakina damu, hula nini?"

Nilimwambia chai yake inapoa.

Swali hilo halikuniacha. Nilisahihisha nalo insha za Kidato cha Tatu, nikapanga nalo foleni dukani, nikalala nalo. Mwanzoni nililiona kama swali la kitoto, la aina ile ambayo mtu mzima hulijibu kwa tabasamu. Kisha usiku mmoja nikaona kilichokuwa kimejificha ndani yake: kitu kinachokula kinaweza kushinda na njaa, na anayekinyima chakula anaweza kuwa mtu wa nyumbani.

## Heshima ya kiti

Nilimtoa mama Vihiga mwezi wa Januari. Anayezijua njia za Maragoli hahitaji maelezo, na asiyezijua atosheke na kuambiwa kwamba kutoka nyumbani kwetu hadi kisimani ni mteremko mtupu, kutoka kisimani hadi nyumbani ni mlima mtupu, na kwamba mama alipita hapo kwa zaidi ya miaka arobaini akiwa na mtungi wa lita ishirini kichwani. Magoti yalianza kumsumbua akiwa na miaka sitini na mmoja. Sasa ana sitini na minane. Mwaka jana kliniki moja ya binafsi ilimpiga picha ya eksirei, na aliyeisoma akatueleza kwamba gegedu limelika, mifupa inakaribia kugusana, na dawa ya kwanza ni mapumziko: asipande ngazi, asiende shambani, asitembee asipolazimika.

Tulilipokea neno hilo kwa furaha, na nimelazimika kujiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu lilituruhusu kufanya tulichokuwa tukitaka kufanya siku zote. Kwetu heshima ya mzazi ina umbo la kiti. Mgeni mwenye umri huletewa kiti kabla ya maji. Mama anapoinuka kutwaa sufuria, mikono mitatu humwahi. Na mtoto aliyefanikiwa mjini hutambuliwa kijijini kwa jinsi mama yake asivyofanya kazi tena. Amri ya tano inasema waheshimu baba yako na mama yako, nasi tumeongeza kimyakimya: kwa kuwaketisha.

Kwa hiyo nilinunua kochi la kuzama, nikaliweka mbele ya runinga, nikaongeza na kigoda cha kuinulia miguu. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti, basi mama akawa anashuka Jumapili tu, kwenda kanisani, akishikwa mkono huku na huku. Chai ilimfuata alipo. Hata rimoti ilimfuata alipo.

Kufikia Aprili alikuwa ameongezeka kilo sita, mapaja yake yamenywea, na kuinuka kutoka kwenye kochi lile kumekuwa shughuli ya watu wawili. Wote tulisema ugonjwa unaendelea.

Mimi ndiye niliyelisema kwa sauti kubwa zaidi.

## Wavu uliojaa maharagwe

Nilipoanza kusoma kwa makini, jambo la kwanza lililonishangaza ni udogo wa kitu chenyewe. Gegedu linalofunika ncha za mifupa gotini lina unene wa milimita mbili hadi nne hivi. Nyuma ya pia ya goti, ambako ni nene kuliko kwingine, linaweza kufika milimita tano au sita. Juu ya milimita hizo ndipo mwili mzima hupita. Nchini Ujerumani watafiti waliwahi kuweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa, wakakuta kwamba katika kutembea kwa kawaida goti hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na katika kushuka ngazi karibu mara tatu na nusu. Nilimpigia mama hesabu kwa kilo 84 alizokuwa nazo wakati ule, nikaona kwamba kila kipandio alichoshuka kwenda kanisani kililitwisha goti lake mzigo unaokaribia kilo 300.

Linawezaje?

Sehemu kubwa ya gegedu ni maji: kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake. Maji hayo yameshikwa na vitu viwili vinavyopingana. Kimoja ni nyuzi za kolajeni, protini imara isiyokubali kuvutwa, zilizosukwa kama wavu. Kingine ni molekuli kubwa zenye matawi ya sukari na chaji hasi nyingi, ambazo huvuta maji kwa nguvu na kutaka kufura bila kikomo. Msomaji wa Kisumu anaweza kufikiria wavu wa kuvulia samaki. Mimi, mtu wa Vihiga, nilifikiria maharagwe makavu yaliyotiwa ndani ya wavu wa vitunguu, mdomo wa wavu ukafungwa, kisha yote yakatumbukizwa kwenye karai la maji usiku kucha. Asubuhi maharagwe yamefura, wavu umekaza, na ukilibonyeza furushi lile kwa kiganja linakusukuma. Maharagwe peke yake yangetawanyika, na wavu peke yake ungejikunja sakafuni. Ugumu ule unatokana na ugomvi wao.

Mzigo unapolibana gegedu, maji huanza kutoka, ila kwa shida sana, kwa kuwa matundu ya kupitia ni madogo mno, na shinikizo la maji yaliyonaswa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Mzigo ukiondoka, maji hurudi. Juu yake kuna ute wa kiungo, ambao katika goti zima lenye afya haujazi hata kijiko cha chai, nao huzifanya nyuso mbili zitelezeane kwa wepesi kuliko barafu juu ya barafu.

Na humo ndani mna wakaaji. Seli za gegedu ni chache mno, asilimia ndogo tu ya ujazo wake, na nyingi hukaa mbalimbali kama walinzi wa usiku waliosahauliwa zamuni. Ndizo hutengeneza wavu na maharagwe, na ndizo mama alikuwa akiziulizia chakula.

## Jibu lililochelewa wiki tatu

Hula mtu anapotembea.

Nimeliandika kwa ufupi kwa sababu ndivyo lilivyonipiga. Tishu nyingi za mwili huletewa chakula na damu hata mtu akiwa amelala fofofo. Gegedu la mtu mzima halina damu, halina mishipa ya limfu, halina hata neva za kulilia. Hungoja oksijeni na virutubisho vitoke kwenye ute wa kiungo na kupenya ndani kidogo kidogo, huku taka zikitoka kwa njia hiyohiyo. Kubanwa na kuachiliwa, jinsi kunavyotokea katika hatua za kawaida, huukoroga ute huo na kuyasukuma maji ndani na nje. Zaidi ya hapo, seli zenyewe huhisi kubanwa: mzigo wa kiasi, unaokuja na kuondoka, huziamsha ziendelee kutengeneza, na ukimya wa muda mrefu huzifanya zilegee.

Ushahidi wa jambo hili ni wa kuhuzunisha. Watafiti waliowapima watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo walikuta gegedu la magoti yao likipungua unene tangu miezi ya mwanzo, ingawa magoti hayo hayakuwa yakibeba chochote. Hapakuwa na mlima, hapakuwa na mtungi, hapakuwa na kusagana kokote. Lilipungua likiwa limelala.

Niliweka simu chini, nikatoka sebuleni. Mama alikuwa amesinzia kwenye kochi, miguu yake ikiwa juu ya kigoda nilichokinunua mwenyewe kwa shilingi 1,800.

## Jina lenye hila

Shangazi yangu wa Kisumu, nilipompigia simu kumweleza, alikuwa na maelezo yake tayari: ni baridi ya Nakuru. Sisi tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, wao wako 1,130, na ushauri wake ulikuwa mama ateremshwe kwenye joto. Shangazi huyo anaishi Kondele, hutokwa jasho mwaka mzima, na ana goti lilelile. Nilipomkumbusha, alisema lake ni la uzee.

Lugha yetu inahusika katika kosa hili, na kwa kuwa ndiyo ninayoifundisha, nitaisema. Ugonjwa huu tunauita baridi yabisi, na yabisi ni kitu kikavu au kilichokakamaa. Jina hilo lina harufu ya tiba ya kale iliyoyagawa maradhi kwa joto na baridi, ubichi na ukavu. Kwenye kapu hilo moja tumetia magonjwa yasiyo ndugu. Upo ule ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Huo hupenda viungo vidogo vya vidole, mara nyingi vya mikono yote miwili, na ukakamavu wake wa asubuhi hukaa saa nzima au zaidi. Anayeuita uzee hujinyima dawa zinazopaswa kuanzishwa mapema kabla viungo havijapinda. Ugonjwa wa mama ni mwingine, ule wa gegedu kuharibika pamoja na mfupa ulio chini yake na utando unaozunguka kiungo, ambao ukakamavu wake wa asubuhi kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa. Na hata huo ukavu wa jina si kweli, kwa kuwa gegedu linapoanza kuharibika huongezeka maji: wavu umekatika, na maharagwe yanafura bila wa kuyazuia.

Ipo pia lugha ya gereji. "Grisi imeisha gotini," tunasema, na mimi nimewahi kuisema mbele ya watu. Nadhani picha hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye kochi, maana gari lililoishiwa grisi huegeshwa, na likiegeshwa vizuri haliharibiki zaidi.

Nikiwa bado kwenye imani za nyumbani: mama humkemea mwanangu mdogo anapoalisha vidole, akisema anavimaliza. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alikemewa hivyohivyo utotoni, akaamua kualisha vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka sitini, kisha akailinganisha mikono yake na kukuta hakuna wenye baridi yabisi. Mwaka 2009 walimpa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini mwanangu amelikariri jina lake.

## Na ule mtungi je?

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi, kwa kuwa nilianza kulishuku jibu langu mwenyewe. Kama mwendo ndio chakula, mama angepaswa kuwa na magoti bora kuliko sisi sote. Alitembea kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Nilirudi kwenye maisha yake na kuyasoma upya. Kazi za kupiga magoti na kuchuchumaa kwa saa nyingi, pamoja na kunyanyua mizigo mizito, zinajulikana kuongeza uwezekano wa ugonjwa huu, nami nimemwona akipalilia, akifua, akisiga udongo ukutani na kupuliza moto wa kuni katika mikao hiyo tangu nipate akili. Wanawake huupata zaidi ya wanaume, hasa baada ya miaka hamsini. Uzito huuongeza, na nasaba huuongeza. Kisha nikakumbuka jambo ambalo hakuna daktari aliyemuuliza: nikiwa darasa la nne, mama aliteleza na mtungi wakati wa mvua za masika, goti la kulia likapinduka, likavimba mwezi mzima, akalifunga kitambaa na kuendelea kuteka maji. Goti lililochanika kano zake za ndani, au vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa kati ya mifupa, hukumbuka, na mara nyingi huleta hesabu yake baada ya miaka kumi au ishirini. Ndilo goti linalomsumbua zaidi.

Kwa hiyo mama alikuwa ameharibiwa na kazi, au na kuanguka, au na umri, au na mimi? Sikupata jibu moja, na nimeacha kulitafuta. Gegedu huumia likibanwa kupita kiasi na hunyauka likiachwa kabisa, na kati ya hayo mawili kuna eneo pana kuliko tunavyodhani. Sisi wa Bonde la Ufa tunaopishana na wakimbiaji barabarani alfajiri huwa tunawasikitikia magoti yao. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta ugonjwa huu wa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 13.3 ya wanaokimbia mashindano ya juu, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Namba hizo nilizitazama kwa muda mrefu. Mshindani na mkaa kochi wamekaribiana. Aliye salama ni yule wa katikati, anayekimbia polepole akizungumza na rafiki yake.

Iko pia habari mbaya. Mwaka 1743 daktari William Hunter aliandika huko London kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na karibu karne tatu baadaye hakuna aliyeweza kumkanusha kwa vitendo kwenye goti lililochakaa kama la mama. Sababu yake ilionekana wazi kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni nururifu, yaani yenye mionzi, kwa kiasi kilichobadilika mwaka hadi mwaka, kaboni hiyo ikaingia katika mimea, vyakula na miili ya waliokuwa hai, na hivyo watafiti wa Denmark wakaweza kuusoma umri wa kolajeni ya magotini kama tunavyosoma tarehe kwenye risiti. Mwaka 2016 walitangaza walichokiona: wavu ule hufumwa utotoni na ujanani, na baada ya hapo karibu haufumwi tena.

Wavu alio nao mama leo ni ule aliofuma akikimbilia shule ya msingi bila viatu.

## Supu, vidonge na sindano

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa fedha zangu pia zilipita hapa haraka.

Nilinunua chupa tatu za glukosamini na kondroitini, vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kulisaidia gegedu, kila moja shilingi 4,500. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583 wa magoti, ulikuta kwamba kwa jumla vidonge hivyo havikuvishinda vidonge bandia visivyo na dawa katika kupunguza maumivu. Supu ya mifupa ni tamu na nitaendelea kuinywa, lakini tumbo huivunja kolajeni vipande vipande kama linavyoivunja protini ya maharagwe, na hakuna matatu inayovibeba vipande hivyo moja kwa moja hadi gotini. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza kwa majuma kadhaa, na siku za maumivu makali huwa ya msaada, ila katika jaribio la mwaka 2017 waliodungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliodungwa maji ya chumvi, bila kuwazidi kwa nafuu. Kuhusu kuoshwa goti kwa upasuaji wa matundu madogo, mwaka 2002 madaktari wa Houston walilinganisha upasuaji wa kweli na ule wa kuchanja ngozi tu na kushona, kwa wagonjwa 180, na waliochanjwa ngozi tu hawakuwa na hali mbaya zaidi ya wengine. Kubadilishiwa goti zima ni jambo jingine, na kwa aliyemaliza njia nyingine zote husaidia kweli.

Kilichonitia hofu zaidi ni dawa za maumivu za dukani. Mama ana shinikizo la damu, na zile tembe alizokuwa akinunua moja moja huko kijijini, bila kuulizwa lolote, ni za jamii inayopandisha shinikizo, kuchubua tumbo na kuzichosha figo.

## Kiti cha jikoni

Mwezi wa Juni tulimwona mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana aliyemsalimu mama kwa mikono miwili na kuitazama picha ya eksirei kwa muda mfupi hivi kwamba nilikasirika. Alitueleza kwamba picha ile haionyeshi gegedu. Huonyesha mwanya kati ya mifupa, nasi hukisia gegedu kutokana na mwanya. Wako watu wenye picha mbaya wanaotembea bila kulalamika, akasema, na wako wenye picha nzuri wasiolala usiku, kwa sababu gegedu lenyewe haliumi, yanayouma ni mfupa, utando na misuli inayolizunguka.

"Mama, simama bila kutumia mikono," akasema.

"Hapana, daktari. Siwezi."

Aliliondoa kochi akilini mwetu na kuomba kiti kirefu cha jikoni. Mama alisimama mara tatu, mikono kifuani, kisha akaketi akihema. Kijana akamwandikia dawa hiyo: kusimama na kuketi mara kumi, asubuhi na jioni, kuinua mguu ulionyooka akiwa amelala chali, kutembea dakika kumi mahali tambarare, na kuongeza polepole. Msuli wa mbele ya paja, alisema, ndio unaolipokea goti mshtuko kabla haujafika kwenye gegedu, na wa mama ulikuwa umelala miezi mitano. Akamhamishia fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kwa kuwa hushikwa upande wa pili wa goti bovu. Sote tulikuwa tumeiweka upande usiofaa kwa miaka miwili. Akamwambia na habari ya uzito ambayo mama aliipenda kwa kuwa ilikuwa kama riba: kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti takriban kilo nne katika kila hatua.

Kanuni ya maumivu ndiyo iliyonisumbua. Maumivu yanayotulia kufikia kesho yake yanakubalika. Yakizidi siku, au goti likivimba, punguza. Goti likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, au likijifunga lisikunjuke, hayo si mazoezi tena, ni hospitali.

Wiki mbili za kwanza maumivu yaliongezeka. Mama alikuwa akinitazama kila jioni kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu aliyeita kipindi cha ziada siku ya michezo, nami nilianza kujiuliza kama nimemgeuza mzazi wangu kuwa uwanja wa kujaribia nilichokisoma kwenye simu. Kaka yangu alinipigia kutoka Kisumu.

"Dada, ni kweli unamfanyisha mama mazoezi ya jeshi?"

Nilijaribu kumweleza habari za wavu na maharagwe. Akasema mama alishalima vya kutosha, na kwamba kama nimechoka kumtunza niseme. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyeniandikia neno katika kundi letu la familia la WhatsApp, isipokuwa binamu mmoja aliyeniletea tangazo la mafuta ya mbuni.

Nusura niache. Ilikuwa Jumatano, nimerudi kutoka shuleni nikiwa nimeamua kumwambia mama apumzike mpaka kaka atulie, nikamkuta amesimama jikoni akikatakata sukuma wiki.

"Nani amekusaidia kuinuka?"

"Aliyenisaidia yuko wapi?" akajibu, bila kugeuka. "Mko kazini nyote."

Sasa ni Septemba. Magoti bado yanauma, hasa la kulia, na hasa siku anapokaidi na kushuka mara mbili. Amepunguza kilo nne kati ya zile sita. Eksirei mpya hatujapiga, na sitarajii mwanya ule kuwa umepanuka. Kaka hajakubali kwamba nilikuwa sahihi, na kwa kuwa mimi mwenyewe sijui ni kiasi gani cha nafuu hii kimetokana na misuli, kiasi gani na uzito, na kiasi gani na mama kuchoka kuitwa mgonjwa, sijamlazimisha.

Kila siku saa nne asubuhi mama hushuka vipandio hamsini na vinne hadi kwenye kibanda cha mboga kilicho langoni, fimbo mkononi mwa kushoto, huteta bei, kisha hupanda. Kwenye kituo cha ghorofa ya pili amekiweka kile kigoda changu cha shilingi 1,800, ili apumzikie hapo dakika moja au mbili kabla ya kumalizia. Jirani wa ghorofa hiyo ameanza kukikalia jioni akimenya njegere, na mama akimkuta hapo humngoja amalize, akiwa amesimama.